Mashine ya Babu Mafuta na Reli Zilizolika

Mpendwa Shangazi wa gazeti, naomba unisaidie maana nimekuwa mtu wa kuota mchana kweupe. Mimi ni mama wa watoto na kazi yangu ni kukereza vyuma, karakana yetu imefungwa na mume wangu amehamisha kochi na kabati ili chumba cha uani kiwe changu cha kazi, basi nakwenda kukaa humo peke yangu, jua la alasiri linaingia dirishani polepole, nami naiona mashine ya kukerezea, ambayo bado sina, imesimama pale ukutani, nanusa mafuta yaliyopata moto, naona maganda ya chuma yakijikunja na kugeuka buluu, hata nikiitwa kula sisikii, mpaka mume wangu anauliza, "Mama watoto, siku hizi umeolewa na chumba?"

Tabu ni kwamba mashine ninayoiota ni ya Babu Mafuta, mzee aliyenifundisha kazi, jina tulimpa kwa sababu mikono yake haikauki mafuta, na kwa desturi ya karakana yetu mwanafunzi wa mwisho ndiye hurithi mashine ya mwalimu, na wa mwisho ni mimi, naye kila tukionana ananiambia, "Binti yangu, mwenzio, mashine hii, anakungoja, unakuja kumchukua lini?" Nikaenda kuijaribu, nikakaza kidogo kibebea kisu, kile kinachoteleza juu ya reli, kikiwa karibu na taya zinazoshika chuma, kikateleza vizuri, nikakisukuma hadi mwisho wa reli kikakwama kabisa, na shafti niliyokereza ikatoka nene huku, nyembamba kule, maana reli zimelika pale karibu na taya zilipofanya kazi miaka yote. Mzee akanitazama usoni, nami nikasema, "Babu, iko sawasawa." Kuna nyingine inauzwa na chuo cha ufundi, ndogo, imejaa kutu, sura haina, lakini reli zake zimenyooka. Nikiichukua hiyo namvunja mzee moyo, nikichukua yake nitawapa watu shafti mbovu za pampu na jina langu litakwisha. Shangazi, nampenda mzee huyu kama baba.

Mkereza Mwenye Ndoto

Binti yangu, pole, ila leo utanisikia Shangazi wako. Umeota vizuri hata mimi nimenusa hayo mafuta, lakini pampu ya mtu haivuti maji kwa ndoto. Kutu ya juu huondoka kwa tambara na subira. Reli iliyolika utaishi nayo. Chukua ya chuo.

Sasa tuje kwa mzee. Unadhani hajui? Nani alikufundisha kuzipima reli kwa kukaza kile kibebea na kukisukuma? Reli hizo kazila yeye mwenyewe, akawa anasahihisha kwa mkono kila siku. Anakuuliza unakuja lini kwa sababu karakana imefungwa naye hana pa kwenda kesho. Nawe, mtu mzima, ukamdanganya machoni! Njia ya mwongo ni fupi.

Nenda kwake asubuhi, usimung'unye maneno, mwambie reli zimelika. Kisha mwombe aende nawe chuoni aijaribu ile ndogo kabla hujaichukua, na ikifika nyumbani aje aisimamishe na kuipima usawa, maana hata mashine nzima ikikaa vibaya hujipinda. Mfungulie mlango siku zote, siyo siku hiyo tu.

Na shafti ya kwanza, mwache aikereze yeye.