Majibu ya Mizizi ya Maharage

Lushoto Mjini,
Jumatatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute goti limepoa, na Mama kikohozi kimemwacha. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenivalisha masweta mawili. Najua utauliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu ningesingizia mtandao na kukata.

Mfuko wa mizizi uliompa kondakta ulinifikia Alhamisi. Nimeelewa ulichotaka: nipime, nikupe karatasi yenye muhuri ya kuthibitisha kwamba jirani yetu Bwana Nassoro alinyunyiza sumu ikatiririka hadi kwenye maharage ya Mama na kuyaua. Mdogo wangu Aisha ameniambia pia kwamba umeshamfungia maji ya mfereji, na kabeji zake zimeanza kulala.

Kabla ya majibu, niruhusu nikueleze kazi yetu hapa maabara. Tunachunguza kitu kiitwacho grafini. Ni ndugu wa kile cheusi cha ndani ya penseli, ila kimechambuliwa hadi kikabaki utando mwembamba ajabu, usioonekana kwa macho. Tukiuchanganya na maji, yanakuwa kama chai ya rangi.

Siku ya kwanza mkuu wetu, Bwana Kristian, alitia maji hayo kwenye kisahani chenye bakteria wa mnyauko, wale wale wanaotulazia viazi kila masika. Kesho yake hakuna aliyeota. Akanionyesha picha ya hadubini kubwa: bakteria amepasuka ubavuni, vya ndani vyote nje, na ule utando umemlalia. Nilisema Subhanallah, nikakaa chini. Alieleza kwamba kingo zake humchana, na wakati mwingine utando humfunika asipate chakula. Nilirudi nilikopanga nikiitazama penseli yangu kama mgeni. Miaka yote ile shuleni nilikuwa naitafuna tu.

Sasa nifike ninapoogopa kufika. Bwana Kristian alitukataza kutoa hata tone nje, kwa kuwa hatujui litafanya nini udongoni. Nilipokuja Idd nilibeba dumu dogo la maji hayo kwenye begi. Niliona viazi vya Mama vinanyauka, na mlipokwenda kuswali nikayamimina yote kwenye matuta manne ya juu, pale alipochanganya viazi na maharage. Nilitaka viazi visimame, kisha niwaambie ni kazi yangu. Nilitaka mnione nimesoma.

Baba, mizizi uliyoituma nimeikagua mara tatu. Ile ya matuta ya chini imejaa vinundu, vile viupele wanamoishi bakteria wanaoyalisha maharage. Ile ya matuta ya juu haina hata kimoja. Nikawaotesha bakteria hao kwenye kisahani, nikawatilia maji yetu, wakafa sawasawa na wale wabaya. Dawa ile haikuchagua. Bado naistaajabia, ila sasa nastaajabu nikitetemeka. Bwana Nassoro hakunyunyiza kitu. Aliyeyaua maharage ya Mama ni mimi.

Bwana Kristian nimemwambia. Amechukua ufunguo wangu wa maabara, na atakuja mwenyewe kuchukua udongo. Hayo niachie mimi. Ninalokuomba, nikiwa nimepiga magoti, ni umfungulie jirani maji leo hii, usingoje nifike. Ulimsema mbele ya watu wa mfereji kwa kosa la mwanao, na kabeji hazina subira.

Msalimie sana Mama, lakini habari ya matuta usimwambie, nataka aisikie kinywani mwangu. Aisha mwambie sweta lake ninalo.

Nitakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Sijawahi kufika kijijini nikaamkia nyumba nyingine kabla ya yako, lakini safari hii nitaanza kwa Bwana Nassoro. Akikubali kunipokea, nitakuja kwako naye.

Mwanao akupendaye,
Hidaya