Picha ya Tembo Ambayo Sikuiona

Mzee Salehe,

Shikamoo. Kabla hujaendelea nakuomba, neno hata moja la barua hii lisitoke huko uliko. Zaidi sana usimwambie mkeo, Bi Rukia. Anasema unamjia ndotoni karibu kila wiki, na asubuhi akileta chai dukani ananisimulia yote uliyosema. Juzi ulimwambia mlango wa nyuma unahitaji grisi. Nikaenda kuujaribu, kweli unalia. Tangu hapo kila akiingia na birika namwangalia uso kwanza.

Arobaini yako imepita. Bi Rukia anakaa kwenye kiti chako. Mimi bado nipo mezani karibu na dirisha, na asubuhi bado natoka Kirumba na harufu ya soko la samaki la Mwaloni kwenye nguo, ila hakuna wa kunipokea kwa "Karani, leo umekuja na dagaa wote?" Sikujua mtu anaweza kukosa utani wa namna hiyo.

Nimechoka, Mzee. Si kazi. Ni tembo.

Miaka yote ulikusanya pauni za dhahabu, zile sarafu za zamani za Waingereza, zilizopimwa na wataalamu wa nje, kila moja imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki, na karatasi yenye daraja lake na namba yake. Wateja walikushangaa, sonara mzima ananunua dhahabu asiyoweza kuigusa. Ulikuwa unawajibu, "Macho yangu yamekwisha, acheni niazime ya wenzangu." Lakini nilikuona ukiyageuza yale makasha, kidole kikitafuta pa kuingilia. "Imefungwa kama mgonjwa wa wodini," ulisema siku moja, "hata mkono huwezi kumpa."

Uliyemtaka hasa ni tembo. Sarafu ya dhahabu waliyoigonga Wajerumani pale Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imewabana. Tembo ameinua mkonga, mlima nyuma yake, na chini jina la mji. Ulisema huyu amezaliwa hapa jirani, haiwezekani afugwe na wageni tu.

Halafu akaja kijana mmoja na begi lake, anawahi ndege ya jioni. Alitaka pauni zako tano kwa tembo mmoja. Ukaniambia niingize namba ya cheti kwenye tovuti ya waliompima. Mtandao ulikuwa unasuasua. Maandishi yalifunguka, mwaka ni huo, daraja ni hilo. Mahali pa picha ya sarafu palibaki peupe, kiduara kinazunguka tu.

"Namba ipo?"

"Ipo, Mzee."

"Na picha?"

Kijana akatazama saa yake. Wewe ukanitazama kwa yale macho yenye ukungu. Nikasema, "Ni yenyewe."

Sikuiona, Mzee. Niliogopa kuwasubirisha.

Ilifunguka jioni, nikiwa nyumbani. Tembo wa kwenye picha ana mkwaruzo mgongoni, mwembamba, kama amepitiwa na wembe. Tembo wetu mgongo wake ni safi. Mtu alichukua namba ya sarafu ya kweli akaibandika kwenye kasha la uongo. Nilitazama mpaka simu ikazima.

Nilipanga kukwambia Jumatatu. Jumatatu ukaja umevaa kanzu mpya, ukamtoa tembo ukawaonyesha hadi akina mama wa matunda. Nikaahirisha. Wiki ile ile ukaugua. Hospitali ulimweka chini ya mto, ukaniuliza, "Karani, tembo wetu hajambo?" Nikasema hajambo. Hilo ndilo jibu la mwisho nililokupa.

Leo saa nane anakuja Mwalimu Masanja, yule mstaafu wa Magu uliyekuwa ukibishana naye kuhusu madaraja ya sarafu. Bi Rukia anamuuzia tembo, kwa sababu nyumbani hakuna mwingine anayekusanya. Naye atanunua kwa namba, kama tulivyonunua sisi. Nikinyamaza, uongo wangu unahamia Magu. Nikisema, labda nafukuzwa. Labda polisi.

Namsikia na birika. Naacha hapa.

Saa kumi na moja. Nimerudi.

Nilimwambia. Hakuwa hata ameweka birika chini. Nilisema, "Mama, picha sikuiona," yakafuata mengine yote, sijui kwa mpangilio gani. Hakupiga kelele. Aliuliza moja tu: "Mume wangu alijua?" Nikasema hapana. Akaweka birika kaunta, akasema, "Lete koleo."

Alilivunja kasha, Mzee. Akaidondosha sarafu kaunta, akaisikiliza kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Akaisugua kwenye jiwe jeusi la kupimia, ikaacha mstari, akaudondoshea tindikali inayofuta dhahabu yoyote iliyo chini ya karati ishirini na mbili. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba tembo wa Tabora ni wa karati kumi na nane. Mstari wake ulipaswa kufutika. Haukufutika. Ulikaa pale unang'aa, dhahabu safi kuliko ya tembo wa kweli.

Bi Rukia akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Mwizi gani huyu, mkarimu kuliko Mjerumani!" Kisha sikujua kama bado anacheka. Alipotulia akasema, "Mume wangu hakuwa anaona. Wewe ndiye ulikuwa macho yake. Ungesema tu hujaona." Hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

Mwalimu alipofika, Bi Rukia alimweleza yote mbele yangu. Mwalimu akaokota kipande cha kasha chenye karatasi, akakisoma kwa muda mrefu. "Shemeji, mimi ningenunua," akasema. "Namba hii nilishaikariri." Akanywa chai vikombe viwili, akaondoka.

Nikauliza kama nikusanye vitu vyangu. Bi Rukia akanishangaa. "Uende wapi? Na ule mlango nani atautia grisi?"

Nimeutia. Haulii tena.

Tembo yupo kwenye droo yako, hana kasha. Nilimshika kidogo. Anaanza kwa baridi, kisha anapata joto la mkono. Ungepewa dakika moja tu naye hivi, ungemjua, na mimi ungenijua siku ile ile.

Nakuahidi kitu kimoja, kwa kuwa zaidi ya hapo sitaweza: sitasema tena nimeona nisichokiona, hata mwenye ndege akisimama juu ya kichwa changu. Pumzika, Mzee wangu.

Ile siri niliyokuomba, sasa iache. Ukimjia Bi Rukia, ongea naye lolote. Na ukiwa na neno kwangu, hata la kunigombeza, mpe yeye, ataniletea pamoja na chai. Nipo pale pale dirishani kuanzia saa mbili, Jumapili tu ndiyo sipo. Akiingia sitamwangalia uso. Nitampokea birika, nimsikilize.

Ni mimi karani wako,
Kabula