Ubao wa Bangwe Ulipoingizwa Ndani

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia hapa Gungu, marahaba. Mama yako mzima. Goti langu linasumbua, lakini sokoni nafika.

Umeniuliza kama ukubali. Wenye lile jukwaa la wavuvi mtandaoni wameifungia programu yako, ile inayonisomea kwa Kiha yanayoandikwa humo. Sasa wanataka sote tuhamie kwenye yao, bure. Hiyo bure ndiyo inayonitia shaka.

Nilipokuwa msichana, wavuvi wa Bangwe waliandika kwa chaki mahali dagaa walipoonekana, kwenye ubao uliotundikwa nje ya duka. Mimi niliwasomea kwa Kiha wasiojua kusoma. Siku moja mwenye duka akauingiza ubao ndani. Alisema mvua inaufuta, kwa hiyo atatusomea mwenyewe. Tukamshukuru; wavuvi wakawa wanaingia mmoja mmoja kuandika, naye akitusomea mlangoni.

Wiki nzima akasoma kwamba dagaa wako mbali, Kagunga. Baba na wenzake wakanunua kwake mafuta mengi ya mashine za mitumbwi na kwenda. Kisha nikatumwa chumvi dukani kwake. Alipogeuka kunipimia, nikausoma ubao. Ulikuwa umeandikwa kwamba dagaa wako hapa hapa Bangwe.

Nilimwambia baba. Hakugombana na mtu, ila kesho yake hakuna aliyeandika tena pale.

Sikukatazi, Neema. Waulize tu kama utaruhusiwa kuusoma ubao wenyewe. Wakianza kukueleza habari za mvua, ondoka na chaki yako.

Bibi yako