Fyuzi Haiimbi, Baba

Kwako Baba, uliyepumzika makaburini Mwera,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza maneno bila kukuamkia najua ungenirudisha mlangoni niingie upya.

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako hapa Makorora, katika karakana uliyotuachia mimi na kaka Hamisi. Amplifaya bado zinaletwa na bado zinapona. Ila mwezi uliopita kaka alirudi kutoka Dar na kisanduku cha fyuzi za kifahari, zenye vichwa vya dhahabu, moja kwa bei ya mbuzi mzima. Anasema zinasafisha sauti. Kisha akafunga ubao mlangoni, chini ya jina lako: "Fyuzi alizoziamini marehemu Fundi Bakari."

Wewe uziamini? Wewe uliyeniambia nikiwa darasa la tano, "Fyuzi ni mlinzi, mwanangu, si mwimbaji. Kazi yake ni kufa kabla ya mwenye nyumba"?

Unayakumbuka yale maulidi ya mtaa wa nyuma? Fyuzi ya amplifaya ilikatika, watu wamekaa wanangoja kasida, nawe ukaviringa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ukaipachika mahali pake. Amplifaya ikapiga robo saa, transfoma yake ikafuka moshi. Nilidhani utasema umeme ulizidi, maana mafundi wote husema hivyo. Ukasimama mbele ya watu ukasema, "Kosa langu. Nimeiua mimi." Nilikuwa na Mama upande wa wanawake, nikatamani jamvi linimeze. Leo najivunia siku ile kuliko zote.

Kwa hiyo sikutaka kubishana na kaka kwa mdomo mtupu. Nilimwacha anipachikie moja ya fyuzi zake nisikie. Na nikiri, mara ya kwanza nilisikia tofauti! Mkwaruzo ulitoweka, sauti ikanyooka. Kaka akacheka, "Umeona, mdogo wangu?" Usiku ule usingizi ulinipaa.

Kesho yake nikamtazama vizuri akimhudumia mteja. Anachomoa fyuzi ya zamani, anapiga msasa vishikio vya chuma inamokaa, anapuliza, ndipo anapachika ya dhahabu. Baba, chumvi ya Tanga hii inakula hata kitasa cha mlango! Alichokuwa akisafisha ni kutu. Nikachukua amplifaya nyingine, nikapiga msasa, nikairudisha fyuzi yake ile ile ya kawaida, na mkwaruzo ukaondoka vile vile. Naamini kaka hakukusudia kumdanganya mtu. Alianza kujidanganya yeye.

Jumamosi akaja Mzee Salehe, rafiki yako wa kahawa, na amplifaya yake, naye anaitaka fyuzi ya dhahabu. Nikamwomba akae ageukie ukuta, kama ulivyozoea kuwafanyia wateja wabishi. Nikampigia taarabu aipendayo mara tatu, kila mara nikifungua kifuniko na kukifunga, nikamtaka aniambie ipi tamu.

"Hii kavu," akasema. Ya pili, "Hii afadhali." Ya tatu akapiga paja: "Hii ndiyo yenyewe, wallahi!"

Sikuwa nimebadili kitu. Mara zote tatu ilikuwa fyuzi yake ya zamani.

Nilipomweleza hakukasirika. Aligeuka kutoka ukutani, akasema, "Mwanangu, mie nalitaka isikike kama alipokuwa akiitengeneza baba yako."

Machozi yalinitoka pale pale, mbele yake. Hata mimi naitaka sauti hiyo. Lakini haiuzwi, na atakayemuuzia mzee yule fyuzi ya dhahabu kwa jina lako atakuwa amemwibia mara mbili.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. Nikachukua bisibisi nikaufungua ubao wake, skrubu moja moja, naye anatazama.

"Umenivunjia heshima, Mwanaidi. Mbele ya mzee!"

"Nisamehe, kaka. Heshima yako utairudisha mwenyewe. Ya Baba nani atairudisha?"

Leo siku ya nne hanisemeshi. Anakula nilichopika, ananawa, anaondoka. Amemtuma shangazi aniambie anataka tugawane karakana. Sawa, tutagawana mita ya kupimia, meza na spika, hata kiti hiki akitaka. Jina lako hatugawani. Mteja akiniuliza kama fyuzi ya bei mbaya inaleta sauti nzuri, nitamjibu haileti, nitamsafishia vishikio vyake, na akitaka kwenda kwingine aende. Kizuri chajiuza, Baba. Wewe hukuwahi kubandika ubao wa kujisifu.

Sijui kama kaka ataondoka kweli. Nampenda, nawe unajua. Ila siwezi kumpenda kwa kukusingizia wewe.

Pumzika, Baba, Mungu akurehemu. Ule ubao nimeupasua kuni asubuhi hii, nikachemshia chai. Kaka alizitambua kuni zake, maandishi yalikuwa bado yanasomeka jikoni. Alizitazama zikiungua, akavuta kigoda, akakaa nami, akanywa vikombe viwili.

Ni mimi binti yako, fundi uliyemfunza.