Kitako cha Mfenesi

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii, lakini siwezi kuanza bila ya kukuamkia, ulimi haukubali.

Nakupa khabari mbaya kwanza, maana weye hupendi mtu azungukezunguke. Bunduki yetu haimo tena nyumbani. Mama kampa Ami Nassor, ndugu yako. Yote, Baba! Tumbo lake, kile chuma cha kati kinachoingia risasi, mtutu wake, mpaka zile skurubu nilizozifunga kwenye kitambaa. Mama kasema nyuma ya mlango, maana bado yumo edani, "Chukua, shemeji. Mie sitaki kukiona tena chuma hicho." Na Ami kaja na gunia lake, kaitia humo kama mtu anayebeba mkaa.

Nilisimama pale na tupa mkononi. Nikamwambia, "Ami, haijesha!"

"Nitaimaliza huko Firq kwa fundi, Zuwena. Bunduki si kazi ya msichana."

Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Ndiyo maana sikupata hata mtu wa kumkasirikia. Nikaingia jikoni nikavunja sahani. Moja tu.

Mama hakulia, unajua? Tangu ile siku waliyokuja kutwambia kuwa ulisimamisha gari Bidbid unywe chai, ukalaza kichwa kwenye usukani, na wenzio wakadhani umelala. Watu walijaa nyumba nzima wanalia, Mama anauliza kama wageni wamepata kahawa. Mie nikamuogopa.

Nakumbuka kila kitu, Baba, kinanijia ovyo ovyo. Ukirudi safari na gari ya serikali nilikuwa naangalia mikono yako kabla ya uso. Tumbo la bunduki ulilitoa Sinaw, kwa Bedui aliyekuja kuuza mbuzi, limejaa mchanga mpaka mkono wa kufungulia ulikuwa haushuki. Mtutu ukaupata Ibra kwa yule mzee aliyeufanya mti wa kuning'inizia taa. Mama akasema, "Waume wa wenzangu wakisafiri huleta halua. Wangu huleta vyuma vibovu." Weye ukacheka mpaka ukakohoa.

Watu walikwambia ununue nzima, madukani zimejaa. Hukutaka. Mie najua kwa nini. Ile arusi ya mwanzo tulipohama Unguja tukaja huku Nizwa, wanaume wote na bunduki mabegani, na weye na bakora yako ya Unguja. Mmoja akasema, "Yule Zinjibari kaja kuchunga?" Ukacheka nao. Lakini njia nzima ya kurudi uliiburura bakora chini, na mie nimekushika kidole.

"Yangu nitaizaa mwenyewe," ndivyo ulivyosema baadaye. "Ya risasi moja tu. Sungura akikimbia, basi huyo ana rizki yake."

Na kusugua chuma hukunifunza weye wala mtu mwengine. Nilikuwa nakuangalia tu, ukenda kazini najaribu. Siku uliyokuta tumbo linang'ara ukamuuliza Mama, "Nani kaja hapa?" Mama akakujibu, "Jini." Toka siku ile ukawa unaniletea msasa, unauweka tu juu ya mto wangu.

Basi lile kosa letu la kitako, ule mti wa bunduki wa kuegemeza begani. Mie bado linaniuma. Mti wa hapa hukuutaka, ukamtumia salamu Shangazi Moza akuletee ubao wa mfenesi kutoka Unguja. Ukaja, umefungwa kwenye khanga, mbichi, unanuka. Ukautia puani ukafumba macho. "Nyumbani huku," ukasema. Yule jirani yetu akatwambia tuutie chini ya kitanda mpaka joto lipite, mti wa pwani hapa hukauka kwa hasira. Nani amsikilize! Wiki ile ile tukachonga, tukapaka mafuta, tukaufunga kwenye chuma. Ulikuwa mzuri, wallahi, mwekundu kama chai. Halafu ukaja ule upepo wa moto. Tumo tunakula tukasikia paaa! Ufa kutoka shingoni mpaka nyuma, kidole kinaingia. Ukasema, "Alhamdulillahi, imeshapiga risasi yake ya kwanza," na Mama akaangusha wali kwa kucheka.

Kumbe uliagiza wa pili. Hukutwambia. Umefika hukupo, kauleta msafiri. Mama akataka kuufanya mbuzi ya kukunia nazi. Nikaulalia, Baba, nimeukumbatia chini sakafuni kama mtoto mdogo, mpaka akasema, "Haya, haya, chukua ubao wako."

Sasa sikiliza. Idi hii, baada ya sala, Ami kaja kwetu na bunduki begani. Imekwisha. Kitako cha Firq, kimepakwa rangi kinameta kama kabati. Akasimama uani akasema, "Shemeji, napiga moja. Ya marehemu." Akatoka nje ya mlango akapiga juu.

Baba. Ule mtutu na lile tumbo vilikuwa havijuani, na vimekubaliana. Sauti nzito, safi, imekwenda ikagonga mlima ikarudi. Kuku wote juu ya ukuta.

Mama akaniuliza kutoka ndani, "Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo, Mama."

Ndipo akalia. Kwa sauti, mpaka majirani wakaja. Nilikaa naye nimemshika, na nafsi yangu inafurahi na inakufa, vyote pamoja.

Ami aliponiona tena alikuwa anajisugua bega. "Kitako hiki kimetengenezewa mtu mwengine," akasema. "Bega langu na la ndugu yangu moja, nguo tulikuwa tukivaliana. Lau huyo fundi angemjua marehemu, asingekosea."

Nikamwambia, mbio mbio kama ninavyosema nikiwa na hofu, "Ami, ubao wa mfenesi upo. Na mie namjua."

Akaniangalia sana. "Upasuke tena?" Halafu akasema, "Usiuguse mpaka joto liishe. Ukifika baridi mzima, chonga, nitakuletea chuma tukifunge hapa hapa. Ukipasuka, basi, usinitajie tena bunduki."

Ndiyo hivyo. Ubao umo chini ya kitanda changu, nimeuzungushia gunia. Na ule upepo umeanza. Usiku ubao unalia, krrr, mie naamka nauchungulia na kandili. Wala sijui kama utapona. Jana mikono iliniwasha nikauchora kwa chaki, shingo, mgongo, pahala pa shavu lako. Nikaikamata tupa. Nikasema niondoe kidogo tu pembeni.

Nikaiweka chini, Baba, nikalia.

Mie na weye sote hatujui kungoja. Lakini hili nakuahidi: tupa na msasa nimempa Mama avifungie kabatini, na ufunguo sitauomba mpaka baridi irudi. Hata nikimpigia magoti asinipe, nshamwambia.

Mungu akutilie nuru huko ulipo, na pakunjuke. Usinicheke.

Mwanao,
Zuwena