Pikipiki ya Mwalimu Ambokile

Bondeni, Kyela

Mke wangu Mama Neema,

Kwanza niambie, kifua chako kimetulia? Na mama, mguu bado unamsumbua akiamka? Mimi mzima, ila nimechoka. Mvua ya huku haina adabu, na mgongo unaniuma kama mtu aliyelima ekari peke yake. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ina haraka, na haya yanataka utulivu.

Ile pikipiki kuukuu niliyoinunua Njisi imekamilika. Lakini sitaiuza.

Niliikuta kwenye banda la mbuzi, tangi limeliwa na kutu, kuku ametagia juu ya kiti. Muuzaji alisema ilikuwa ya marehemu mjomba wake na kadi ilipotea kwenye mafuriko. Nikaamini, kwa kuwa nilitaka kuamini. Miezi minne nimeihangaikia. Injini nimeifungua mara tatu, madigadi nimeyanyoosha kwa nyundo, spea nyingine nimezichonga mwenyewe maana haziuzwi tena popote. Yule mteja wa Mbeya, mpenda pikipiki za kale, alikuwa anapiga simu kila wiki. Nilishapanga kwamba akija kuichukua tu, nami napanda basi la kuja nyumbani Singida.

Siku moja nikawa napiga msasa chini ya kiti. Rangi ilipotoka nikaona herufi zimegongwa kwenye chuma: MWL AMBOKILE NDANDALO. Nikamuuliza Mama Tumaini, anayepika wali jirani na gereji.

“Mwalimu Ambokile? Si yule aliyeibiwa pikipiki nje ya kanisa, watu wakiwa ibadani? Mbona yupo, amestaafu. Tangu siku ile anatembea kwa miguu.”

Sitakuficha, mke wangu. Nilirudi ndani nikapaka rangi juu ya zile herufi. Ikakauka, nikapaka tena. Siku nne nilifanya kazi bila kutazama sehemu ile. Siku ya tano nikaiwasha, ikaitika kwa kiki moja, na badala ya kufurahi nikaona aibu. Nikaiendesha hadi kwake Ndandalo kabla sijabadili mawazo.

Nilimkuta Mwalimu mbele ya nyumba anageuza kokoa kwenye mkeka, mzee mwembamba, suruali ameikunja.

“Ugonile, Mwalimu,” nikamsalimu kwa Kinyakyusa changu kibovu.

Kokoa ilimponyoka mikononi. Akaizunguka pikipiki mara mbili, akainama, akapapasa chini ya kiti.

“Hapa pamepakwa rangi,” akasema.

“Nimepaka mimi, Mwalimu. Nilitaka kulificha jina lako.”

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na kadi iliyofungwa kwenye nailoni. Namba zililingana zote. Mkewe akaanza kulia. Mwalimu alipanda, akapiga kiki, akaondoka kuelekea mashamba ya mpunga. Tulimngoja saa nzima.

“Ana miaka sabini na mbili huyu,” mkewe akawa anasema. “Atatumbukia mferejini, nitamwambia nini Mungu?”

Alirudi na tope mpaka magotini. Akazima injini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

“Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Lakini gia ya pili inagoma.”

Nilicheka, Mama Neema, nikacheka mpaka nikakaa chini. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini.

Kesho yake tulikwenda wote polisi kutoa taarifa. Muuzaji wa Njisi hapokei simu. Mteja wa Mbeya nimemwambia ukweli, akanikatia simu. Kwa hiyo siji mwezi huu, na ujao sijui. Naanza upya kuzunguka vijijini kutafuta nyingine, na safari hii bila kadi sigusi.

Nisalimie mama, umwambie nampigia magoti. Msalimie shemeji yangu fundi cherehani, na kaka yangu mkubwa aliyenikataza kuja huku. Anayo haki ya kusema. Neema mbusu kichwani.

Ukinikasirikia sitakulaumu. Ila ningekuja na fedha ya pikipiki ile, ningekaa na wewe mezani nina siri, na wewe siri zangu huziona kabla sijavua viatu.

Mumeo,
Baba Neema