Maneno ya Mama wa Shali ya Njano

Yaya Wilondja, kaka yangu,

Nina swali ambalo ni wewe tu ungeweza kulijibu. Kwa kuwa huwezi tena, nimelizungusha kwa wengine mpaka nikapata jibu la kunitosha. Nataka nikusimulie nilivyolipata, maana najua ungecheka na kusema kama kawaida yako, "Sifa, weye unafwata mambo mpaka kwenye muzizi."

Kwanza habari za hapa. Chumba chako cha kukodisha diski za filamu bado kinafunguliwa. Mimi ndiye ninayekaa mlangoni nikitoka shamba. Rafu nimezisogeza mbali na ukuta wa upande wa ziwa, kwa sababu unyevu ulikuwa unakula zile picha za makasha. Tele kubwa inafanya kazi, ila siku hizi nyekundu yote inaonekana kama chungwa. Wateja wamepungua, yaya, sitakuficha. Vijana wa hapa mjini Baraka wanapakia filamu kwenye kadi za simu, na wenye uwezo wananunua mega za intaneti wanaangalia moja kwa moja kwenye simu. Waliobaki ni watu wa mbali: wachimbaji wanaoshuka kutoka Misisi, bamama wa Lubondja wanaokuja soko, watu ambao kwao rezo ya simu ni kitu cha kupanda kukitafuta mlimani ukiishika simu juu. Wanakodi diski kadhaa kwa mara moja, wanazifunga ndani ya kitenge, wanarudisha siku nyingine ya soko.

Na bado wanauliza, "Hii ni ya Wilondja?" Wanamaanisha kama sauti yako ya kutafsiri imo. Ikiwa haimo, wanairudisha kwenye rafu. Siku za kwanza baada ya maziko sikuweza kuweka diski yoyote yenye sauti yako. Niliweka diski za mipira tu. Siku moja mteja alitaka kuhakikisha kwamba diski haikwami, nikaiweka bila kufikiri, na wewe ukaanza kusema ndani ya chumba chako mwenyewe, "Bapendwa batazamaji..." Nilitoka nje nikasimama. Mteja yule hakunifuata. Alingoja mpaka nikarudi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Binti yangu Neema amekuja likizo kutoka chuo, Bukavu. Amekuja na simu yenye filamu za kulipia kwa mwezi. Yeye mwenyewe halipi. Wenye filamu wanataka kadi ya benki, na pesa ya simu yetu hawaitambui, kwa hiyo rafiki yake mmoja analipa na wenzake wanamrudishia kidogo kidogo. Aliponiona nikipangusa diski kwa kitambaa alinionea huruma. Akaniambia mambo haya yamepita, niuze rafu na tele, chumba nimkodishe mfanyabiashara mmoja wa simu ambaye amekuja kukiuliza mara nyingi. Akasema katika simu ile kuna filamu nyingi kuliko diski zote ulizowahi kuvusha kwa boti kutoka Uvira, na haziwezi kukwaruzwa wala kupakwa uji na watoto wa watu.

Unanijua. Sikukasirika. Nilitaka kuona. Nikamwambia tujaribu, mchana, mimi na yeye, tuone ipi inakula pesa zaidi na ipi inalipa zaidi.

Tulijaribu kweli. Siku ya kwanza filamu yenyewe ilikuwa kama haina bei, kwa kuwa mwezi umeshalipwa, lakini mega zilikwisha mpelelezi wa filamu akiwa bado anafunga viatu. Tukaongeza. Zikaisha tena. Nilipopiga hesabu kichwani niliona kuwa kwa mega za filamu ile moja mtu angekodi diski zako za kumtosha mpaka soko lijalo, na pesa ya kuchaji batri juu yake. Nikafikiri ushindi ni wetu. Halafu Neema akanionyesha kuwa ukiishusha kule mjini, penye rezo ya bure ya chuo, unakuja nayo hapa unaiangalia bila mega hata moja. Hapo nikaanza hesabu upya. Mvua ilipoanza rezo ilikufa kabisa, na sisi tukaendelea kuangalia ile aliyoishusha kana kwamba hakuna kilichotokea, na picha ilikuwa safi, yaya, unaona mpaka vumbi kwenye nyusi za mtu. Diski zetu ni kopi za kopi, wewe mwenyewe ulikuwa unasema tunaangalia filamu kupitia chandarua.

Kilichonisumbua ni kingine. Tulikuwa wawili juu ya simu moja, yeye kisikilizi hiki, mimi kile, shingo zinauma. Mama wa nyumba ya pili alipita, akatusalimia, akasubiri kidogo, akaona hakuna pa kukaa, akaenda zake. Tungeweka diski kwenye tele, yule mama angekuwa ameshavuta kigoda, na watoto wake wangekuwa mbele yake chini. Diski moja inalipwa mara moja na nyumba nzima inaangalia, na majirani, na mpita njia. Hiyo nayo ni hesabu, lakini sijui inaandikwa upande gani.

Basi siku moja Neema alikuwa anapitisha kidole kwenye zile picha ndogondogo, nikamshika mkono. Nilimwona yule mama wa shali ya njano. Unamjua. Filamu yako ya Kihindi ambayo Fizi nzima imeiona, ya mama na mtoto wake aliyekimbilia kwenye machimbo ya mawe. Sauti yako haikuwemo, bila shaka. Kulikuwa na Kihindi chenyewe, na chini yake maandishi ya Kifaransa. Nikamwambia Neema tuiangalie, nimsikie yule mama kwa Kifaransa.

Yaya. Mwanzo wote ulikuwa tofauti, lakini sikujali, nilidhani umefupisha. Tukafika mwisho. Mama anashuka kwenye basi pale machimboni. Mtoto anaweka nyundo chini. Mama anasema maneno mengi, mtoto anainamisha kichwa, analia, mama anapanda basi, basi linaondoka, mtoto anabaki anaangalia barabara. Kwa miaka yote sisi tumesikia kutoka kwako yule mama akisema hivi: "Sikukuya kukuuliza kitu. Nimekuya kukuambia tu, kitanda yako iko. Sikuiondosha." Na basi linapoondoka wewe unasema kwa sauti ya chini, "Anaenda kumutandikia."

Kifaransa kilisema kuwa mama yule amekuja kumwambia kijana kwamba shamba limeandikwa jina la mdogo wake, na kwamba kuanzia siku ile yeye ana mtoto mmoja tu. Asirudi. Ndiyo maana analia.

Nilimwambia Neema arudishe nyuma. Akarudisha. Nikasema labda aliyeandika Kifaransa ndiye mwongo. Neema akabadilisha, akaweka Kiingereza, akanisomea polepole. Yalikuwa yaleyale. Picha ileile, machozi yaleyale, maneno yamepinduliwa kama nguo iliyovaliwa ndani nje.

Neema alicheka sana. Alisema, "Kumbe mjomba alikuwa anatunga." Mimi sikuweza kucheka. Sikuwa na hasira nawe pia. Nilitaka kujua tu. Kule kambi ya wakimbizi Tanzania ulipojifunza kazi hii ya kutafsiri filamu, ulikuwa unasema Kihindi unakisikia kwa sababu umekiangalia sana. Sote tuliamini. Je, ulikosea? Au ulijua na ukageuza? Na kama uligeuza, kwa nini pale, kwa nini maneno yale?

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Mama Wabiwa wa Lubondja, yule mjane mwenye shamba la mihogo chini ya kilima, alimfukuza mtoto wake mkubwa mbele ya majirani kwa ajili ya kukataa kulima. Kijana akaenda Misisi kuchimba dhahabu. Miaka ikapita. Halafu mama huyu akaanza kukodi filamu hiyo, kila soko hiyo hiyo, mpaka ukamwambia bora ainunue, akasema hapana, atakodi. Halafu tukasikia amepanda pikipiki kwenda Misisi, na barabara ile unaijua ubaya wake. Kijana hakurudi naye. Lakini msimu wa kupanda mihogo alirudi, na sasa yuko Lubondja ana mke na mtoto mchanga.

Kwa hiyo nilijiuliza: Mama Wabiwa alikwenda Misisi kwa kufuata mfano wa mama wa filamu ambaye hayupo. Akijua, je? Nilishinda siku kadhaa nikibishana nafsini. Neema alisema ni haki yake kujua, kwa sababu amelipia. Mimi nilisema kuna vitu ambavyo mtu akishavila, usimwambie vilipikwa wapi. Lakini udadisi wangu ulinizidi, yaya. Siku ya soko Mama Wabiwa alipokuja, akaulizia diski ileile ili mkwe wake aione, nilimkalisha. Nikampa maji. Nikamweleza yote, mama wa shali ya njano, shamba, mtoto mmoja tu, asirudi.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifungua na kufunga fundo la kitenge chake. Kisha akasema, "Najua."

Nikamuuliza anajuaje. Akasema wewe ulimwambia.

Alinisimulia kwamba siku moja, kabla hujaweka sauti kwenye filamu ile, alikuja kuuza mihogo akapumzika kwenye kivuli cha mlango wako. Ulikuwa ndani unaangalia picha, unarudisha mahali pale pale mara nyingi. Ukatoka ukamwambia, "Mama, mi siwezi kukudanganya. Kihindi, hapa sisikie hata kidogo. Naona mama anasema na mutoto, lakini sijue anasema nini." Ukamwita aone. Akaona. Ukamuuliza, "Kama ni weye, ungemwambia nini?"

Alisema alikaa muda mrefu. Hukumharakisha. Wala hukumuuliza habari za mtoto wake, ingawa ulizijua, kila mtu alizijua. Halafu akakujibu. Ukamshukuru, ukanunua mihogo, akaenda.

"Hayo si maneno ya ule mama wa Kihindi," akaniambia. "Ni maneno yangu. Nilikuwa nakodi nisikie kama ni ya kweli. Kila mara nilikuwa nasikia ni ya kweli, lakini nilikuwa naogopa njia."

Nilimuuliza kule Misisi alimwambia kijana nini. Akasema aliyasema hayo hayo, palepale kwenye shimo, wenzake wanasikia, na mmoja wao ambaye ameiona filamu akasema, huyu mama ametoa maneno kwenye video. Akacheka alipofika hapo. Mimi pia nikacheka.

Alipoondoka na diski yake, Neema, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya rafu anasikia, aliniuliza kwa nini hukuandika popote kwamba umetunga. Hilo nalo ningekuuliza. Nadhani uliona haya. Au labda ulidhani si kutunga, ulidhani umetafsiri, ila si kutoka Kihindi.

Mfanyabiashara wa simu nimemjibu. Nimemkodisha upande wa barabara, auze mega na kuchaji simu za watu. Upande wa ndani umebaki wetu, na tele imebaki, na benchi. Neema atakuwa ananitumia filamu safi anazozishusha kule Bukavu, nami nitazionyesha kwa watu kwenye tele, na wenye safari watabeba diski. Sitasema kuwa diski zimeshinda. Miaka michache tena pengine hata Lubondja watakuwa na rezo, na itakuwa vizuri, watu wataona picha nzuri. Ila sijaona bado mahali pa kulipa kwa mwezi ambapo mtu anatoka mlangoni akakuuliza wewe ungesema nini.

Kuna jambo nimeliamua, na ndilo la kukuaga nalo. Neema amenifundisha kuweka sauti juu ya picha kwa simu. Ya kwanza nimeichagua, ni ya wavuvi wa nchi ya baridi, sijui hata ni wapi. Sauti yangu ni nyembamba, watu watalalamika kuwa si yako, na watakuwa na haki. Mimi nasoma Kifaransa, kwa hiyo nitasema kilichoandikwa, hata kikiwa kichungu. Hiyo ndiyo tofauti yangu nawe. Lakini filamu ikiisha sitaizima tele upesi. Nitageuka kwenye benchi, nitamwangalia aliyenyamaza kuliko wote, na nitamuuliza yeye angesema nini. Nakuahidi sitamharakisha.

Lala salama, yaya. Mama Wabiwa amempa mjukuu wake jina lako. Ni msichana. Nimemwambia jina la kiume halimfai, akasema, "Anaitika."

Mdogo wako,
Sifa